Kumekucha Wapi?

Alfajiri moja ya mwezi wa Februari nilisimama Makutano, mjini Meru, nikingojea matatu ya kunirejesha kazini Nairobi. Nasema Makutano ya Meru kwa kuwa yako mengine kule chini, barabara ya Embu inapoachana na ile ya Sagana, hivi kwamba msafiri wa njia hii huanzia Makutano, akapita Chuka na Embu, kisha akafika Makutano. Simu yangu ilionyesha 6.15. Nikamwambia mama mmoja auzaye chai ya maziwa pale steji kwamba saa kumi na mbili imekwisha kupita, anitilie kikombe kabla gari halijajaa. Alitazama upande wa Tharaka, ambako kulikuwa kungali kweusi, akanijibu kwa upole:

"Bado hakujacha, Mwalimu. Hiyo simu yako imelitangulia jua."

Mama yule alisema kweli, nami nilijua hivyo. Saa rasmi ya Kenya imetangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu kamili. Hiyo ni saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari upitao karibu na mji wa Mogadishu. Meru iko kwenye digrii 37 na nusu hivi. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na kwa hiyo jua la Meru huchelewa takriban nusu saa nyuma ya saa tunazozivaa mkononi. Enzi za ukoloni nchi hii iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, hesabu ambayo ingelingana vyema na jua la Makutano. Tena Februari ina lake. Kwa sababu ya namna dunia inavyolizunguka jua huku imeinama, adhuhuri ya mwezi huo husogea hadi karibu na 12.43 kwa saa ya simu, nalo jua huchomoza yapata 6.40. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza 6.10. Kwa ufupi, mpenzi msomaji, sisi tulio Meru hutazama saa ya Mogadishu na kuamka kwa jua la Imenti.

Nilinyamaza nikanywa chai yangu. Nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza mbele ya mama yule, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Miaka miwili iliyotangulia, rafiki yangu mmoja katika chuo ambacho sitakitaja aliniomba nimtafsirie tangazo la usaili wa wanafunzi. Tangazo la Kiingereza lilisema usaili ungeanza 8.00. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, niliandika kwa fahari kubwa: "saa 2.00 kamili." Niliona nimeitendea lugha haki. Sikuandika "asubuhi", kwani ni nani asiyejua kwamba usaili hufanywa asubuhi? Binti ya mama huyu alikuwa miongoni mwa walioitwa. Alikuwa amefunzwa, kama wanavyofunzwa watoto wetu wote, kwamba tarakimu zilizochapishwa ni za saa ya ukutani, na kwamba 2.00 ya ukutani husomwa saa nane. Alifika saa nane mchana, nguo zimepigwa pasi na vyeti vimo ndani ya bahasha. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliambiwa ajaribu mwaka mwingine, akarudi nyumbani kumsaidia mamaye kukaanga mandazi.

Mama alidhani kosa ni la bintiye. Mimi ndiye niliyemweleza, safari iliyofuata, kwamba mkono ulioandika tangazo ulikuwa wangu. Hakusema neno. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, nami tangu siku ile kila nifikapo Makutano hukuta kumekucha mapema mno.

Niliposimulia kisa hiki chuoni, wenzangu kadhaa walikuwa na dawa tayari: tuiache hesabu ya Kiswahili. Dunia nzima husema saa nane kwa nane, walisema, na Waswahili peke yao ndio wanaoisoma saa kinyume. Nimelisikia neno hilo, "kinyume", hata vinywani mwa walimu wa Kiswahili. Wanawaambia wanafunzi watazame mshale mfupi kisha wasome tarakimu inayoukabili upande wa pili, kana kwamba lugha ni kioo kilichogeuzwa. Mwanafunzi akiuliza ni kwa nini, huambiwa ndivyo Waswahili walivyo. Hilo si jibu, na mwalimu asiyekuwa na jibu hupanda dharau bila kukusudia.

Jibu ni jepesi. Hesabu ya Kiswahili huanza pale nuru inapoanza, na huanza upya pale nuru inapokoma. Saa moja ya asubuhi ni mwisho wa saa ya kwanza tangu macheo. Saa moja ya usiku ni mwisho wa saa ya kwanza tangu machweo. Wahabeshi huhesabu hivyo hivyo mpaka leo. Nao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hawajawahi kuhitaji maelezo pembeni wanapokuta wenye kuajiriwa katika shamba la mizabibu wakiitwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, kwani hesabu ya Injili ni ya mchana ulioanzia macheo, kama yetu. Msomaji wa Kiingereza sharti apige hesabu kwanza.

Hesabu hii isingeweza kuzaliwa na kudumu mahali popote pale. Mstari wa ikweta hupita kusini kidogo mwa mji wa Meru, kwenye barabara ya Nkubu, na katika ukanda huu mchana hauzidi wala haupungui saa kumi na mbili na dakika chache, Januari hata Disemba. Kule London mchana wa Disemba haufiki saa nane, ilhali ule wa Juni hupita saa kumi na sita. Mtu wa huko akianza kuhesabu tangu macheo, saa sita yake itatangatanga. Ikamlazimu atafute pa kuanzia pasipoonekana kwa macho, akapapata katikati ya usiku, wakati ambao hakuna kinachotokea mbinguni cha kumwonyesha kwamba siku mpya imeingia. Sisemi alikosea. Nasema kila mmoja alihesabu kwa nuru aliyopewa.

Maneno yetu yenyewe ni ushahidi. Kitenzi -cha maana yake ni kuingia mwanga. -Chwa, ambacho lahaja nyingine hukitamka -twa, ni kutua kwa jua. Kutokana na viwili hivyo tunapata macheo na machweo. Tunapata pia "usiku kucha", yaani usiku hadi mwanga, na "mchana kutwa", yaani mchana hadi jua litue. Kesho ni mtoto wa ukoo wa -cha: ni pale kutakapokucha. Kesho kutwa ni hiyo kesho ikishatuliwa na jua. Mwanafunzi wa shule ya kutwa hutamka machweo kila anapotaja shule yake, wala hajui. Nalo neno "siku" lina shina moja na "usiku", shina ambalo majirani zangu wa Meru wanalo katika neno lao la usiku, "ũtukũ". Wazee wetu wa Kibantu walizihesabu siku kwa giza lililozitenga, kama mtu ahesabuye shanga kwa mafundo yaliyo baina yake. (Msomaji atakayetaka kuniambia kwamba "jua" la mbinguni na "kujua" kwa akili ni neno moja, namsihi asichoke bure. Yanafanana kwa sauti tu. Chimbuko lao ni mbalimbali. Inasikitisha, najua.)

Lakini kilichonishughulisha zaidi ya yote ni kile kiambishi kidogo alichokitamka mama muuza chai. Alisema "hakujacha". Nani hajacha? Si jua, maana tungesema "halijacha". Si siku, maana tungesema "haijacha". Ni ku-, kiambishi cha ngeli ya mahali, kile kile tunachokitumia tukisema "kuna baridi" au "huku kumejaa watu". Kinachokucha katika Kiswahili ni mahali. Sarufi yetu haituruhusu kutamka "kumekucha" bila kuacha nafasi ya swali: wapi? Kumekucha Mogadishu, hakujacha Meru, na bado kuna giza totoro Kisangani.

Sasa naomba ruhusa ya kuingia shamba la wenyewe, kwani mimi si mwanafizikia. Mwaka wa 1905, kijana wa miaka 26 aliyekuwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Albert Einstein, alichapisha makala yaliyobeba swali linaloonekana la kitoto. Tunaposema gari la moshi linafika hapa saa saba, tunamaanisha nini hasa? Jibu lake lilikuwa kwamba tunamaanisha mambo mawili yametokea pamoja, hapa hapa nilipo: mshale wa saa yangu umefika kwenye saba, na gari limefika. Hilo halina utata. Utata huja tunaposema jambo lililotokea hapa na jambo lililotokea mbali yametokea kwa wakati mmoja. Nitajuaje? Sharti kitu kinitoke kwenda huko, au kitoke huko kunijia, na hakuna mjumbe apitaye nuru kwa kasi. Basi wakati wa mbali hauna maana mpaka nuru iuunganishe na wa hapa. Na kwa kuwa kasi ya nuru ni ile ile kwa kila aipimaye, awe amesimama au anakwenda, watu wawili wanaokwenda kwa miendo tofauti hawatakubaliana juu ya mambo yapi yametokea pamoja. Hakuna "sasa" moja ya ulimwengu mzima. Kuna sasa ya hapa.

Mjumbe huyo naye huchukua muda wake. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Misri karne ya kumi na moja, alikwisha kusema kwamba nuru husafiri, haipo kila mahali kwa mara moja. Mwaka wa 1676 Mdenmarki Ole Rømer alilitolea jambo hilo ushahidi. Aliona kwamba Io, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, hutoka katika kivuli cha sayari hiyo kwa kuchelewa kadiri dunia yetu inavyojitenga nayo. Alikadiria kwamba nuru huhitaji dakika 22 kuivuka njia ya dunia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hesabu ya leo ni kama dakika 17, lakini hoja ilikuwa imesimama. Nuru ya jua lililochomoza juu ya Tharaka ilikuwa imeondoka huko dakika nane na kitu kabla. Nyota angavu ya Alfa Sentauri, ionekanayo vizuri upande wa kusini kutoka Meru, hutuonyesha nuru ya miaka minne na ushei iliyopita. Nuru iliyoiacha nyota hiyo siku mtoto alipoingia kidato cha kwanza humfikia akiwa ameshamaliza kidato cha nne.

Je, wazee wetu walimtangulia Einstein? La hasha. Nimekwisha kusoma makala za aina hiyo na zinaniudhi kuliko zile za dharau. "Kumekucha" ni sarufi. Haimo ndani yake hesabu ya kasi wala jaribio lolote la kuipima. Mwenye kusema lugha yake ilijua fizikia kabla ya wanafizikia huidhalilisha fizikia na lugha kwa pamoja. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo, nacho nadhani ni kweli: lugha hii haimfundishi mtoto kwamba wakati ni bahari moja tulivu iliyotandazwa juu ya ulimwengu wote kwa usawa, fikira ambayo fizikia ilitumia miaka mingi kuijenga na ikalazimika kuibomoa. Mwalimu wa fizikia aliye na akili anaweza kuanzia hapo.

Wapo waliokataa katakata kwamba wakati ni jua. Aliyenitatiza kuliko wote ni Mwafrika, Agostino wa Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo. Mwishoni mwa karne ya nne, alipokuwa akiandika "Maungamo" yake, alihoji: ikiwa mianga ya mbinguni itasimama lakini gurudumu la mfinyanzi likaendelea kuzunguka, je, wakati hautakuwapo? Utakuwapo, alijibu, kwani tutaweza kusema mzunguko huu ni mrefu na ule ni mfupi. Akahitimisha kwamba wakati hupimwa ndani ya nafsi, katika kukumbuka, kuangalia na kutazamia. Hoja hii ni nzito na sijapata kuiondoa njiani. Usiku wa mwenye deni na usiku wa bwana harusi hupimwa kwa saa moja ukutani, lakini nani atathubutu kusema ni sawa?

Nchini kwetu aliyelivalia njuga suala la wakati ni marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Aliyaazima maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akadai, akitegemea vitenzi vya Kikamba na Kigĩkũyũ, kwamba Mwafrika wa jadi ana zamani ndefu, ana sasa, na karibu hana wakati ujao unaovuka miaka miwili. Alijibiwa vikali na wanafalsafa wengine wa Kiafrika, nami nadhani walistahili kumjibu. Mkulima wa Imenti apandaye mche wa kahawa hungoja takriban miaka mitatu kabla ya kuvuna, na hana kiambishi cha kitenzi cha miaka mitatu. Hata hivyo, Mbiti alitufungulia mlango mwema: alitazama sarufi na kuuliza inafikiri nini. Kiambishi chetu -ta- cha wakati ujao kimetokana na kitenzi -taka. Katika Kiswahili, kitakachokuja ni kile kilichotakwa. Hapo Agostino angeketi tuzungumze.

Tukirudi kwa wanafizikia, wao nao hawakuiacha nuru. Zamani sekunde ilikuwa kipande cha siku, yaani cha jua. Tangu mwaka 1967 imekuwa ni mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi yatokayo katika atomu ya siziamu, na mawimbi hayo ni ya ukoo mmoja na nuru. Nayo mita, tangu 1983, ni umbali unaokwendwa na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Ramani iliyo katika simu ya kijana wa bodaboda pale Makutano inategemea saa zilizomo ndani ya setilaiti, saa ambazo zingeitangulia ya ardhini kwa takriban sehemu 38 kati ya milioni za sekunde kila siku lau zisingerekebishwa kwa kanuni za Einstein. Upungufu huo ungempoteza kijana kwa kilomita kama kumi kwa siku moja. Nuru yenyewe, wanatuambia, haina saa: kwa mwendo wake, muda wa safari ni sufuri, iwe imetoka jirani au imetoka nyota ya mbali. Kisha huongeza upesi kwamba hakuna awezaye kuipanda nuru akatazama saa yake. Nimeipenda tahadhari hiyo. Ingetufaa nasi tuandikao.

Kwa maana kosa langu la tangazo lilikuwa hilo hasa. Nilidhani nimeandika wakati, kumbe nimeandika tarakimu. "Saa mbili" katika Kiswahili ni nusu ya neno; nusu yake ya pili ni asubuhi au usiku, yaani ni nuru au giza. Niliikata nusu iliyobeba maana nikaweka "kamili" mahali pake. Waandishi wa magazeti waliomakinika hawafanyi hivyo. Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ilhali bara ni ule unaoifuata. Wanahabari, badala ya kuzozana, walizoea kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", wakataja mwanga unaongojewa, na msomaji wa Lamu na wa Maua wakaelewa mamoja. Wenzangu wa chuoni wanataka tuitupe hesabu. Mimi nataka walimu waache kusema "kinyume", na waandishi wa matangazo, mimi nikiwa wa kwanza, waandike saa kwa maneno pamoja na nuru yake.

Makanga alikuwa akipiga kelele kwamba gari linatoka sasa hivi, nalo lilikuwa na viti sita vitupu. Kulianza kupambazuka. Mama muuza chai alifuta mikono kwa aproni, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa ameitwa tena, chuo kingine, wiki iliyofuata. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na alitaka niisome mimi, si mwingine. Niliisoma mara mbili. Ilisema 8.00 a.m.

"Ni saa mbili asubuhi, mama. Jua litakuwa limetoka kwa saa moja na dakika ishirini hivi."

Aliikunja barua, akairudisha mfukoni.

"Basi ataondoka hakujacha," alisema, akaenda kumtilia chai mteja mwingine.